Buti Mbili za Kushoto

Mtunza bustani ndiye aliyegundua, na kilichomwonyesha ni nyasi.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa dogo la kumbukumbu, kikombe cha chai mkononi, akizitazama safu za mawe meupe kama alivyozoea kabla ya kuanza kazi. Mashine yake ya kukatia nyasi huacha mistari, mmoja mwangavu na mwingine uliokoza, yote ikielekea lango kuu. Lakini kwenye safu ya mwisho, mbele ya jiwe lisilo na jina, mistari ilikuwa imegeuka. Ilikatiza upande, kama viraka vilivyoshonwa na mtu mwenye haraka.

Alikwenda akapiga magoti, akaushika ukingo wa nyasi na kuuvuta. Kipande kizima kiliinuka mkononi mwake kama mkeka. Chini yake udongo ulikuwa mlaini.

"Wamemfukua," alimwambia msimamizi wa makaburi dakika chache baadaye, akitweta mlangoni mwa ofisi. "Yule asiye na jina. Wamemfukua wakamfunika tena."

Inspekta alifika saa mbili na nusu, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyopenda matope, akifuatana na koplo mmoja aliyebeba koleo. Msimamizi alimpokea huku akijifuta jasho, ingawa jua lilikuwa bado halijachoma.

"Nieleze kama mtu asiyejua lolote," Inspekta alimwambia.

"Haya ni makaburi ya askari wa ng'ambo, Inspekta. Walikuja kupigana huku zaidi ya miaka hamsini iliyopita, wakafia huku. Waliopatikana wamezikwa. Wasiopatikana majina yao yamechongwa kwenye kuta za kanisa. Na huyu," alionyesha jiwe kwa kidole, "alipatikana miaka ishirini iliyopita bila jina. Kesho lilikuwa lifunguliwe kaburi lake kwa ruhusa, tupeleke kipande cha mfupa maabara. Kuna mama amekuja kutoka ng'ambo. Kaka yake alipotelea sehemu zilezile. Yuko nyumba ya wageni, anasubiri. Nitamwambia nini mimi?"

"Usimwambie kitu bado. Na mtu yeyote asisogee."

Alimtaka msimamizi arudi ofisini na mtunza bustani akae kwenye ngazi. Kisha yeye na koplo walifukua wenyewe, polepole. Sanduku lilikuwa pale, kifuniko kimerudishwa vizuri na misumari imegongewa kwenye matundu yake ya zamani. Walipokiinua, waliona kofia ya chuma yenye kutu, buti mbili zilizogandiana na udongo, na vifungo vya shaba. Mifupa hakuna.

"Wezi wa ajabu," koplo alinong'ona. "Kofia kama hii sokoni inagombewa. Wameiacha wakachukua mifupa?"

Inspekta alichuchumaa muda mrefu. "Fikiria kama mistari ya nyasi isingegeuzwa. Kesho tungefungua mbele ya mgeni, tukute kofia na buti zipo, mifupa haipo. Ungesema nini?"

"Ningesema imeoza ikaisha."

"Na hilo ndilo alilotaka tuseme." Akaingiza vidole kwenye udongo wa kona ya sanduku, akatoa kitu kidogo, cha rangi ya chai, akakifunga kwenye leso. "Tulichokiona humu tunakijua sisi wawili tu. Nikisikia kimetoka, nitajua ni wewe."

"Midomo nimeishona, Afande."

Mtunza bustani alihojiwa kwenye banda la vifaa, kati ya makopo ya rangi na mipira ya maji. Alikuwa mtu mzito, mwenye mikono isiyojua pa kukaa.

"Nani walijua kwamba kaburi litafunguliwa kesho?"

"Msimamizi alipigiwa simu juzi. Akaniambia mimi. Akamwambia Mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Basi."

"Wewe ulilipokeaje?"

"Vibaya. Sifichi. Nilimwambia msimamizi, mtu ameshalala, mwacheni alale. Tuligombana mpaka karani akafunga dirisha."

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Peke yangu. Sina wa kunishuhudia isipokuwa paka."

Inspekta alikiweka kile kipande cha nyasi mezani, kimepinduliwa. Upande wa chini ulikuwa umenyooka kama kipande cha mkate. "Ulikata hivi kwa kutumia nini?"

"Mimi?" Mtunza bustani alikaribia kucheka. "Kwa koleo zangu hizi? Ningekutolea vipande vya kuchekesha. Hii imekatwa kwa mashine ya shambani. Sisi hapa hatuna. Nyasi zetu huja zimeshakatwa."

"Kutoka wapi?"

"Kwa Mwenyekiti. Tangu nianze kazi, nyasi zote zinazofunika watu hawa zimetoka shambani kwake."

Inspekta alipotoka bandani simu yake ililia. Alikuwa mkuu wake wa kituo.

"Nimesikia kuna mtu aligombana na msimamizi, ana funguo za lango, na hana ushahidi wa alikokuwa," mkuu alisema. "Unangoja nini? Mgeni yuko mjini, waandishi watakuja. Mweke ndani."

"Afande, yeye ndiye aliyetoa taarifa. Angenyamaza tusingejua kitu."

"Huo ndio ujanja wenyewe. Mweke ndani."

Koplo alimfunga pingu mtunza bustani mbele ya msimamizi. Hakubisha. Aliuliza tu nani atamwagilia safu ya maua ya upande wa kanisa, kwa sababu hilo jua likifika saa sita halina huruma. Inspekta alimsindikiza kwa macho mpaka gari likapotea, kisha akakata kauli moyoni: mtu huyu hatalala ndani usiku wa pili.

Sokoni alimkuta mtu waliyemwita Kutu, muuza masalia ya vita: makopo, beji, vipande vya risasi. Msimamizi ndiye aliyemtaja wa kwanza, na kwa kweli sura yake ilikuwa ya mtu anayefaa kutajwa wa kwanza.

"Umeuza mifupa ya watu?"

Kutu aliruka nyuma kama aliyeguswa na moto. "Mifupa? Inspekta, mimi nina watoto! Ninauza chuma. Mifupa nani anunue? Ukiniambia kofia imeibwa, nishike. Buti, nishike. Lakini mifupa? Hapana, dada yangu, mimi si mchawi."

Inspekta alimwamini. Alitazama meza yake, akaona kofia mbili zilizotoboka zimeng'arishwa kwa mafuta, akaondoka.

Mwenyekiti alifika mwenyewe makaburini mchana, ameendesha gari lake la mizigo lenye chembe za udongo mweusi nyuma. Alikuwa mwanaume wa miaka karibu sitini, mrefu, suti safi, sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Yeye ndiye aliyemwokota askari yule asiye na jina, ukingoni mwa shamba lake, siku chache kabla ya barabara mpya kukatizwa pale. Tangu hapo kila sherehe ya kumbukumbu ilikuwa na hotuba yake.

"Nimesikia kaburi limechezewa. Nimeumia sana," alisema, akiketi mezani ofisini kwa msimamizi. "Yule nilimtoa ardhini kwa mikono yangu miwili."

"Ilikuwaje hasa siku ile?"

"Nilikuwa natengeneza mfereji. Koleo likagonga kofia. Nikaita watu."

"Barabara ndiyo ingepita pale?"

"Palepale. Wangemsaga kwa magari yao. Ilikuwa bahati yake."

"Usiku wa jana ulikuwa wapi, Mwenyekiti? Nawauliza watu wote."

"Nyumbani, na mama yangu. Ni mtu mzima sana, nalala chumba cha pili ili nimsikie akiita." Alivuta pumzi, akaweka mkono kifuani. "Inspekta, ushauri wangu, hii shughuli ya kesho ifutwe. Msimtese yule mama wa ng'ambo. Mpeni ile kofia ya ndugu yetu, aondoke nayo. Ni kumbukumbu tosha."

Koplo alikuwa anaandika. Kalamu yake ilisimama. Inspekta alimkanyaga mguu chini ya meza, akatabasamu.

"Ni wazo zuri," alisema. "Nitalifikiria."

Gari la mizigo lilipoondoka koplo alilipuka. "Amejuaje kwamba kofia ipo? Msimamizi mwenyewe anadhani wamekomba kila kitu!"

"Sasa unajua kwa nini nilikuomba ushone mdomo. Lakini hilo peke yake halitoshi. Wakili wake atasema alidhani tu. Twende hospitali."

Daktari wa chumba cha maiti alikigeuza kile kitu kidogo chini ya taa yake. "Ni mifupa miwili ya kidole cha mwisho cha mkono," alisema. "Lakini imeungana. Angalia, imeshikana kwa kupinda, kama ndoano. Huyu aliumia kidole akiwa mtoto, kikapona bila kunyooshwa. Na kitu kingine. Siwezi kuapa leo, lakini kwa macho yangu huu si mfupa wa zaidi ya nusu karne. Ni mpya kuliko hiyo vita yenu."

Inspekta alikuwa kwenye sinki, ameshika mswaki wa zamani, anasugua zile buti walizozitoa kaburini. Udongo ulidondoka kwa mabonge. Ngozi ilikuwa imekauka kama gome, lakini soli zilikuwa na misumari yake yote. Aliziweka buti zote mbili mezani, zikitazama ukutani. Akazipanga upya. Akazipanga tena.

"Daktari, una miguu mingapi ya kushoto?"

"Mmoja, namshukuru Mungu."

"Askari wetu alikuwa na miwili."

Daktari alisogea, akaangalia, akavua miwani. Soli zote mbili zilipinda upande mmoja. Miaka ishirini iliyopita zilikuwa mabonge mawili ya udongo, watu wamevua kofia, kwaya inaimba, na hakuna aliyejali kuziosha.

"Mtu alizikusanya hizi akamwekea," Inspekta alisema polepole, kama anayejisomea. "Alikuwa na maiti yake, isiyo ya askari. Barabara inakuja, itaifukua. Akaamua kuifukua yeye kwanza, na kuifanya askari. Nani atauliza askari wa vita aliuawa na nani?"

Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa juu ya kilima, mbele yake shamba la nyasi limelala kijani tupu mpaka barabarani. Mwenyewe alikuwa mjini kwenye kikao. Mama yake alikuwa amekaa barazani, anachambua maharage kwenye sinia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Kama ni nyasi unataka, ngoja mwanangu arudi, mimi bei sizijui."

"Nimepita kusalimia tu. Bibi una watoto wangapi?"

"Wawili. Huyu unayemjua, na kitinda mimba wangu. Yeye yuko ng'ambo, alikwenda kutafuta kazi kwenye meli. Mwaka wa ishirini na sita sasa." Aliinua macho. "Hupiga simu. Kaka yake ndiye huongea naye, maana mimi kwenye simu sisikii vizuri. Hunipa salamu zake."

Inspekta alichukua konzi ya maharage na kuanza kumsaidia kuchambua. Alihitaji kitu cha kushika. "Kitinda mimba alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mkorofi!" Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Haambiliki. Mkono wake aliutia kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe akiwa na miaka saba, kisa anataka kuona kisu kinavyozunguka. Kidole hiki cha mwisho kilipona kimepinda, hivi." Akakunja kidole chake chembamba kama ndoano. "Akawa anakitumia kuning'inizia kikombe, ananichekesha."

Koplo aligeuka akaangalia shamba. Inspekta alimaliza konzi yake ya maharage, moja moja.

"Bibi, kesho asubuhi nitakuomba uje mjini. Kuna jambo nataka ulisikie kwa masikio yako, nisikufiche."

Kanisa la kumbukumbu lilikuwa baridi ndani, majina yamepanda ukutani kutoka sakafuni hadi chini ya madirisha. Inspekta aliwapanga kwenye mabenchi ya mbele: msimamizi, mtunza bustani na pingu zake, mgeni wa ng'ambo mwenye miaka sabini aliyejifunza lugha yetu kwa ajili ya safari hii, na Mwenyekiti. Mwenyekiti alipomwona mama yake anaingia ameshikwa mkono na koplo, alisimama.

"Mama? Umeletwa huku kufanya nini? Inspekta, mama yangu ni mgonjwa!"

"Kaa chini, mwanangu," Bibi alisema. "Mimi si mgonjwa. Nimeitwa."

Inspekta aliweka buti mezani. "Mwenyekiti, hizi ndizo ulizozikuta na askari wako?"

"Ndizo."

"Jana uliniambia mgeni apewe kofia. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba kofia imebaki."

"Nilidhani... mtu hudhani."

"Nyasi zilikatwa kwa mashine. Mji huu mzima mashine hiyo iko kwako. Ulikuwa na haraka, ukazirudisha zimegeuka. Lakini hayo tuyaache. Zitazame hizi buti uniambie ya kulia iko wapi."

Mwenyekiti alitazama. Rangi ilimtoka usoni polepole, kuanzia paji la uso.

"Na hiki," Inspekta alifungua leso, "kilibaki kwenye udongo. Hukukiona."

Hakumwonyesha yeye. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Bibi na kumfungulia kiganjani. Bibi alitazama. Alikunja kidole chake mwenyewe, akakiweka kando ya ule mfupa, vikalingana.

Hakulia. Aligeuka kumtazama mwanawe mkubwa, na alipouliza sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Miaka yote hii ulikuwa unaongea na nani kwenye simu?"

Mtu yule mrefu aliketi. "Hakuna mtu, Mama."

"Salamu zake?"

"Nilizitunga. Ulikuwa hulali."

"Yuko wapi sasa?"

"Bandani. Chini ya magunia ya mbegu."

Inspekta alimwashiria koplo, naye akatoka mbio. Kisha akauliza alichokuwa akikingoja. "Buti mbili za kushoto ni za watu wawili. Ulizitoa wapi?"

Mwenyekiti alipoanza kujibu hakuacha. Mdogo wake alikuwa akilima sehemu ya chini ya shamba akakuta mifupa, si ya mtu mmoja, na vyuma vya vita. Alifurahi. Alitaka kwenda siku ileile kuwaambia watu wa makaburi. Kaka alikataa: wangekuja na kamba zao na kufunga shamba, na nusu ya ardhi waliyoachiwa na baba ingekuwa ya kuchunguzwa milele. Mdogo alisema watu hawa wana mama zao wanawasubiri. Akatupa jembe, akaanza kutembea kuelekea barabarani.

"Nilimpiga na koleo mgongoni nimzuie," Mwenyekiti alisema. "Akageuka. La pili likampata kichwani. Sikulikusudia la pili. Au nililikusudia. Sijui tena. Nilimzika pale ukingoni. Buti ni za wale wengine; niliwafunika nikapanda nyasi, maana shamba la nyasi halilimwi kina kirefu."

"Halafu ukawa unatuuzia nyasi hizo," mtunza bustani alisema kutoka benchi lake, "tuwafunikie wenzao."

Mgeni wa ng'ambo alikuwa amefuata maneno kwa shida, midomo ikimfuata kila msemaji. Sasa alisimama. "Wengine," alisema. "Wako wangapi?"

"Sikuwahesabu."

Bibi naye alijiinua, akikataa mkono wa Inspekta. "Shamba lile ni la mume wangu na mimi bado niko hai," alisema. "Leteni watu. Ng'oeni nyasi zote."

Mwenyekiti alitolewa kwa mlango wa pembeni. Alipopita karibu na mama yake alipunguza hatua. Bibi hakumtazama wala hakugeuza uso. Alikaa vilevile, macho mbele, mpaka nyayo zikaisha. Pingu alizokuwa amefungwa mtunza bustani zilifunguliwa na Inspekta mwenyewe.

"Nisamehe," alimwambia.

"Maua yangu yamwagiliwe kwanza," alijibu, akitomasa vifundo vya mikono, "halafu tutaongea ya msamaha."

Walichimba wiki mbili. Askari walikuwa watatu, wamelala karibu karibu kama walivyoanguka. Maabara ilichukua muda wake, na mgeni alikataa kurudi kwao kabla ya majibu. Wawili walipatiwa ndugu katika miji ambayo hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuisikia. Wa tatu alikuwa kaka wa mgeni.

Kitinda mimba alizikwa kwanza, nyumbani, karibu na baba yake, na mgeni alikuja akasimama nyuma na wanawake wa jirani. Siku tatu baadaye ilikuwa zamu ya yule kaka wa mgeni kuwekwa kwenye safu ya mwisho, chini ya jiwe jipya lenye jina. Msimamizi alisoma alichopaswa kusoma. Hakukuwa na hotuba. Inspekta alisimama mbali kidogo na viatu vyake vimejaa matope, akamwona Bibi anapita kati ya mawe kwa fimbo, anakwenda kukaa kwenye benchi la mgeni bila kuomba.

Walilitazama jiwe pamoja.

"Huyu wako," Bibi aliuliza, "alikuwa mkorofi?"

Mgeni alitafuta neno, akalikosa, akatikisa kichwa juu na chini kwa nguvu. "Sana," alisema. "Sana, sana."

"Nieleze," Bibi alisema, akamsogelea.